Eti nimeshuka?
Hivi hizi app za gym anazitengeneza mtu anayenyanyua kweli? Juzi nimepiga skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) kilo 80 mara 10 seti 3, app ikazidisha zote ikapata jumla ya kilo 2,400, leo nimepanda kilo 100 mara 5 seti 3, jumla 1,500, basi mshale mwekundu huo chini, eti nimeshuka!! Wakati ukikadiria uzito wa juu kabisa naoweza kubeba mara moja, ya juzi inakuja kama 107 na ya leo kama 117, sasa nani kashuka hapo? Na nikitaka grafu ya miezi ya nyuma naambiwa lipia kwanza, namba zangu mwenyewe, nilizoingiza na vidole vya jasho simu inagoma hata kusoma alama ya kidole. Narudi kwenye daftari mie.