Mkate wa Krismasi Ukikauka Ndipo Unafaa

Kila Januari lazima nikutane nayo, na safari hii imeniudhi kuliko kawaida: orodha ya vitu vya kuondoa jikoni baada ya sikukuu, na panettone iliyokauka, ule mkate mtamu wa Krismasi wa Kiitaliano, imewekwa juu kabisa, bega kwa bega na saladi iliyochacha. Itupe, wanashauri, imeshakwisha utamu. Nasema hapana. Utamu bado umo wote. Kilichopungua ni ulaini tu, na ulaini ndio kitu rahisi kuliko vyote kuurudisha.

Hebu tukumbushane tunachokitupa. Italia wana amri ya serikali ya tarehe 22 Julai 2005 inayoeleza mkate gani uruhusiwe kuitwa panettone. Siagi isipungue asilimia 16. Zabibu kavu na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwenye sukari yasipungue asilimia 20. Kiini cha yai kianzie asilimia 4, na donge liumuke kwa chachu ya asili, ile inayolishwa unga na maji siku baada ya siku. Ukitoka kwenye oveni mkate unapinduliwa na kuning'inizwa kichwa chini mpaka upoe, maana ni mwepesi kiasi kwamba ukiachwa wima unaweza kubonyea. Kazi yote hiyo, usiku kucha, halafu iishie jalalani kwa sababu ukingo umekuwa mgumu! Mimi siwezi kuikubali.

Na wenye mkate wao wala hawaoni haya kula kiporo chake. Milano, mji ulioizaa panettone, familia nyingi huweka kipande cha Krismasi hadi tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, mlinzi wa koo. Asubuhi hiyo kipande kinaliwa, kikavu vilevile, kuomba koo lisiumwe mwaka mzima. Waoka mikate nao hushusha bei ya walizobakiwa nazo. Ni siku 40 baada ya Krismasi. Sasa wewe unatupa yako tarehe 4 Januari?

Kinachotokea ndani ya mkate ni hiki. Wanga uliolainika wakati wa kuoka unajipanga upya polepole, na ukijipanga unakaza. Siagi na viini vya mayai vinachelewesha jambo hilo, ndiyo maana mkate huu unadumu kuliko wa kawaida. Baridi ya friji inaliharakisha, kwa hiyo tafadhali, usiuweke kwenye friji. Ufunge vizuri uuache kabatini, au ukate vipande uvigandishe kabisa kwenye friza. Joto nalo linaurudisha nyuma: kipande kikipita nyuzi 60 hivi, wanga unalegea tena, siagi inaamka, harufu ya machungwa inajaa nyumba. Kikaango, moto mdogo, dakika mbili kila upande. Hapo hata mapishi hujaanza.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii, na ningependa kila anayeandika mapishi ya viporo aisikie: kwa kitindamlo cha mkate na mayai, mkate mkavu ni bora kuliko ulio laini. Mkate laini umeshashiba maji. Ukiumwagia maziwa na mayai unalowa juu juu, kisha unavurugika ukawa uji. Mkavu una kiu. Unakunywa hadi katikati na bado unasimama kama kipande. Kwa hiyo ukiwa na panettone laini na unataka kuioka hivi, inabidi uikaushe kwanza. Ile iliyosahaulika kabatini imeshakufanyia kazi hiyo.

Wengi wanaharibu kwenye sukari. Wanachukua mapishi ya mkate mweupe, mkate usio na chochote, wanayahamishia kwenye mkate ambao una sukari, una siagi, una mayai, una matunda. Kuna mwaka rafiki yangu mmoja alituandalia panettone iliyolowekwa kwenye maziwa mazito ya kopo, juu yake sosi ya karameli, juu yake tena krimu. Tulikaa mezani kila mtu akizungusha kijiko. Machungwa hayakusikika kabisa, zabibu hazikusikika, kilichobaki ni utamu mtupu unaowasha koo. Iliniuma, kwa sababu mkate wenyewe ulikuwa mzuri na yeye alikuwa amejitahidi kweli.

Mimi hufanya hivi. Gramu 400 za panettone kavu, nakata kwa kisu cha meno vipande vinene kama kidole gumba. Mayai 3, maziwa mililita 500, sukari vijiko 2 vya chakula basi, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi usiiache, hiyo ndiyo inayofanya siagi isikike. Napanga vipande vikiwa vimelaliana kwenye bakuli la oveni, namwaga mchanganyiko, kisha nasubiri nusu saa nzima. Watu hawasubiri, halafu wanalalamika katikati pakavu. Kidole ndicho kipimo: bonyeza kipande kinene kuliko vyote, kikibonyea na kurudi taratibu huku maziwa yakichungulia pembeni, kimekunywa cha kutosha. Zabibu zilizojitokeza juu zisukume chini, vinginevyo zinaungua na kuwa chungu. Nyuzi 160, dakika 35 hadi 40, na uitoe wakati katikati bado pakitikisika kidogo, kwa sababu mayai yanaendelea kuiva yenyewe nje ya oveni.

Njia nyingine zipo na sina ugomvi nazo. Pandoro ya Verona, mkate mwingine wa Krismasi wa Italia usio na matunda, inakaa vizuri mahali pa biskuti kwenye tiramisu, kile kitindamlo cha kahawa na krimu. Wafaransa huchukua brioche iliyolala, mkate wao wa siagi na mayai, wakailowesha sharubati, wakaipaka krimu ya lozi na kuirudisha kwenye oveni. Wahispania huzamisha mkate mkavu kwenye maziwa na mayai na kuukaanga, na msimu wake mkuu ni Kwaresima na Juma Kuu. Brianza, kaskazini mwa Milano, wana keki ya mkate mkavu uliolowekwa kwenye maziwa, yenye kakao na zabibu, nyeusi na nzito. Panettone inaingia humo bila shida, ila punguza sukari. Narudia: punguza sukari.

Nakubali mambo mawili, kwa shingo upande. Panettone nzuri iliyofunguliwa leo haina mpinzani, na anayeimaliza siku hiyohiyo hajakosea. Na ukiona ukungu, hata doa moja dogo la kijani, mkate wote uende. Usikate pembeni ukaokoa upande wa pili, kwa sababu mkate wenye vitundu namna hii unapitisha nyuzi za ukungu mbali kuliko macho yanavyoona. Ukungu ni jambo la afya. Ukavu si ugonjwa, na kinachonikera kwenye orodha zile ni kuviweka viwili hivi kapu moja.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Majumbani, kwenye makabati yetu haya haya. Ndiyo maana silichukulii kama suala dogo la keki.

Hata makombo yaliyobaki chini ya karatasi yana kazi. Yakaange kwa kipande cha siagi na chembe ya chumvi mpaka yalie yakikorogwa, yaache yapoe, kisha yanyunyizie juu ya aiskrimu au mapea yaliyochemshwa. Yakipoa kabisa yanakaa kwenye chupa yenye kifuniko wiki nzima yakiwa bado makavu na yenye kuvunjika.