Sabuni Isiyo na Povu, Mimi Siielewi

Mimi nimelelewa na povu. Kwetu Jumamosi asubuhi mama alipanga mabeseni matatu uani, la kuloweka, la kufulia na la kusuuza, na lile la kufulia lilikuwa na povu la kuficha mtoto wa miaka miwili. Povu likipungua unasikia unaitwa: "Wewe, kimbia dukani kalete sabuni, hapa tunachezea maji tu." Kwa hiyo juzijuzi, katika umri huu wa mvi na mikopo, niliponunua mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele wenye kioo cha duara kama dirisha la meli, nilijua ninachonunua. Nilikuwa nanunua kiwanda cha povu, nikiweke nyumbani kwangu Tabata, nivute kiti nitazame.

Kumbe nimenunua bahili.

Muuzaji alinieleza, simlaumu. "Mzee, hii inatumia maji kidogo, umeme kidogo, sabuni kidogo." Mimi nikadhani ni maneno ya biashara, kama "huu mwisho mzee, hata faida sipati".

Siku ya kwanza sitaki kuizungumzia, lakini nitaizungumzia. Vijana wakaiweka kwenye korido jirani na choo, ndipo lilipo bomba. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha kumi na kitu, Kiswahili hakimo, nikakiweka juu ya kabati kwa hasira. Nilipozunguka nyuma nikaona nati nne kubwa, moja imelegea. Mwanaume gani ataona nati imelegea aipite? Nikaazima spana, nikazikaza zote nne mpaka jasho likanitoka. Sasa zile nati, nyie mnaocheka, kazi yake ni kulishika pipa la ndani lisirukeruke kwenye gari. Ikifika nyumbani unazitoa zote kabla hujawasha, unazihifadhi mpaka siku ya kuhama. Mimi nilizikaza.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Muheza na kiroba cha machungwa, na wakati huo yupo msalani. Mashine ikafika zamu ya kukamua. Mizunguko 1200 kwa dakika, na pipa limefungwa nati na mkwewe mtu! Ikaanza kutembea. Sisemi kutikisika, nasema kutembea. Ikaacha ukuta, ikakata korido, ikaenda kusimama kwenye mlango wa choo, na mlango wetu wa choo unafungukia nje.

"Baba, huko nje kuna nini?"

Kwa kuchanganyikiwa nikamwamkia upya. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nifungulie."

Nikachomoa waya. Kimya. Lakini mashine hizi mlango wake una kufuli la umeme, halikuachii hapohapo hata ukizima, unasubiri dakika kadhaa. Suruali yangu ya kutokea imefungiwa humo, mama mkwe kafungiwa kule, na mimi katikati nasukuma kilo sabini za chuma na zege. Ndiyo, zege. Ndani yake wameweka vipande vya zege ili itulie! Walitoka karibu pamoja, suruali na mama mkwe, na hakuna aliyenitazama usoni.

Nati zikatolewa. Tukaingia kwenye suala la povu.

Nilipima sabuni kama alivyopima mama, yaani kwa macho. Kikombe cha chai kikajaa, nikaongeza kidogo cha baraka. Ni unga uleule wa kufulia kwa mkono, unaotoa povu ukiutazama tu. Nikavuta kiti. Nachungulia kioo, maji siyaoni! Nguo zimelowa tu, zinapanda, zinaanguka, puu, zinapanda, puu. Nikamwita Mama watoto: "Hii mashine inafua au inazitembeza?" Kabla hajajibu, povu likafika. Likajaa kioo chote, nikapiga makofi. Likapanda kwenye kile kidroo cha sabuni, likatokea nje, likashuka taratibu kama uji uliosahauliwa jikoni. Likaenda koridoni, likaingia sebuleni, watoto wanashangilia, mashine ikaandika herufi ambazo sikuzielewa, ikasimama.

Ilikuwa inasubiri povu lishuke. Likishuka inasuuza, likipanda inasimama. Nguo za saa moja na nusu zikachukua saa nne. Zilipokauka, shati langu lilisimama lenyewe kwenye kamba bila mtu ndani, lina mistari myeupe, na nilipolivaa nilijikuna mpaka kwenye daladala wakanipisha kiti.

Fundi aliponieleza nilijisikia vibaya. Alisema hii mashine haifui kwa kulowesha, inafua kwa kuangusha. Pipa linaibeba nguo mpaka juu, linaiachia, inajipiga chini kwenye maji kidogo yenye dawa kali, kama dobi anavyoipiga nguo kwenye jiwe. Ukijaza povu, nguo inaangukia godoro. "Mzee," akaniambia, "wewe ulikuwa unazilaza nguo, hukuzifua." Akasema ninunue sabuni ya mashine, ile yenye picha ya mashine ya kioo kwenye pakiti, vijiko viwili vya chakula vinatosha mzigo wa kawaida. Vijiko viwili! Mimi chai yangu ina vitatu.

Na nisiibane nguo. Juu ibaki nafasi ya kiganja, la sivyo zitaangukia wapi? Hapo nikamwelewa, maana nilikuwa naishindilia kwa goti. Imeandikwa kilo 7, nikaenda dukani kwa Mangi kuomba mzani, akanipimia mashuka na suruali za jeans pale mbele ya wateja wa unga. Mpaka leo nikipita wananiuliza kilo ya shuka inauzwaje.

Kuna siku ikagoma kabisa kuvuta maji. Inalia tu, pii, pii. Bomba la mtaa mgeni wake anajulikana, anakuja usiku wa manane kama mwizi, kwa hiyo sisi tunategemea simtanki, na simtanki langu limekaa juu ya matofali, kimo chake na changu ni kimoja. Fundi akafungua kile kitabu cha juu ya kabati, akanionyesha: mashine inataka msukumo wa nusu baa, maana yake tanki liwe mita tano juu yake. Mita tano! Hiyo ni ghorofa. Yaani nijengee mashine ghorofa wakati mimi nalala chini. Nikanunua pampu ndogo, na pampu nayo inakula LUKU. Umeme wenyewe, kumbe, sehemu kubwa unaishia kuchemsha maji, ndiyo maana sasa namba 60, yaani maji ya nyuzi joto 60, nimeiachia taulo na mashuka tu. Nguo nyingine zinafuliwa baridi, na khanga za Mama watoto zinafuliwa peke yake tangu siku ile singlendi zangu zote zilipotoka na rangi ya juisi ya rozela.

Harufu nayo. Tulikuwa tunaufunga mlango tukimaliza, kwa ustaarabu, mpaka ule mpira wa mlangoni ukaota ukungu na nguo safi zikanuka kama kitambaa cha deki. Sasa mlango unabaki wazi. Paka wa jirani kaona, kahamia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha naingiza kichwa mle ndani kumtafuta paka. Mtu mzima.

Nakiri nguo zinatakata. Kola za wanafunzi, ambazo Mama watoto alikuwa anazisugua mpaka vidole vinavimba, zinatoka nyeupe. Maji ya mzigo mzima hayafiki ndoo tatu za lita 20, nimeyapima kwenye bomba la kutolea. Sina hoja. Lakini moyo wangu haujatulia, nakaa mbele ya kioo kile, naona vijiko vyangu viwili vinavyozunguka bila hata puto moja, nahisi kuna kitu nadanganywa.

Alhamisi jioni nilisubiri wote waingie ndani. Nikachukua kanzu yangu ya Ijumaa na beseni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwaga unga wa kufulia kwa mkono nusu pakiti. Lilipanda hilo povu! Mikono ilizama mpaka kwenye viwiko, nikafumba macho.

"Baba watoto, unafanya nini huko gizani?"

"Naosha gari."

Gari hatuna.