Kijiko kuliko moshi

Mwandishi wa makala niliyoisoma, inayoziita ishara "mapambo ya lugha", ameegemea mno usiku, moto na moshi anapoeleza ishara katika fasihi ya mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Kwa Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika kambi za Wanazi, sawa, ingawa hata huko mimi ningeanza na supu: jioni ya siku aliponyongwa mtoto kambini, anasema ilikuwa na ladha ya maiti.

Ila amempita Primo Levi, Mwitaliano aliyefikishwa Auschwitz, kambi ya Wanazi huko Poland, mwaka 1944, na huyo ndiye anayeonyesha utu unavyovuliwa kupitia vitu vidogo vidogo. Namba 174517 aliyochorwa kwa sindano mkononi: asipoionyesha, hapati mkate wala supu. Kijiko nacho wafungwa wapya hawakupewa, wakabaki kulamba supu kama mbwa mpaka wapate cha kubadilishana na mkate wao. Kambi ilipokombolewa, ghalani vilikutwa maelfu ya vijiko vipya. Uhaba uko wapi hapo?

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Alex, mfungwa aliyefanywa mnyapara wa wenzake. Anashika waya wa chuma, mkono unajaa grisi nyeusi, anaufuta begani kwa Levi. Hana hasira wala dharau, anapangusa tu kama kwenye tambara, kisha anaendelea na safari yake.

Kwa hiyo kuviita vitu hivi "mapambo ya lugha", kama makala ilivyofanya, siafiki. Levi alisomea kemia na anaandika hivyohivyo, bila kupamba. Maana tunaipata sisi wasomaji, yeye anasimulia alichotendewa.