Ruzuku ya Sola na Profoma ya Fundi Ghali

Mwezi uliopita baba mdogo, anayeishi katika kitongoji kimoja upande wa juu wa Isongole, wilayani Rungwe, alinipa karatasi tatu nizisome. Zilikuwa profoma, yaani makadirio ya bei, za mafundi watatu wa sola, wawili wa Mwanjelwa na mmoja wa Tukuyu, na zote ziliahidi kitu kilekile: taa sita, televisheni ya inchi 24, redio na kuchaji simu. Ya kwanza ilisema shilingi 1,150,000, ya pili 1,480,000, na ya tatu 2,280,000. Baba mdogo alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijibu: huyu wa tatu ananionaje?

Ninaandika kwa sababu ya swali hilo. Kila mjadala wa ruzuku ya sola ninaousikia huku Nyanda za Juu Kusini huanzia hapo hapo, kwamba bei ni kubwa kwa kuwa mafundi wana tamaa, na kwamba Serikali ikitia mkono wake mambo yatanyooka.

Wanaodai ruzuku wana hoja nzito, na ingekuwa dhuluma kuipitia juujuu. Mwananchi wa kijijini aliyefikiwa na nguzo hulipa shilingi 27,000 kuunganishiwa umeme wa njia moja, ilhali gharama halisi ya nguzo, waya na mita hubebwa na fedha za umma kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA. Akishawasha taa, na matumizi yake yasipozidi uniti 75 kwa mwezi, bei iliyozoeleka kwa miaka mingi ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wakati mtumiaji wa kawaida hutozwa 292. Jirani yake wa ng'ambo ya bonde, ambaye nguzo zimempita, amebaki na msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye paneli na betri, msamaha ambao hauonekani kwenye profoma hata moja kati ya zile tatu. Nchi ina vijiji 12,318, na ni kweli kwamba karibu vyote vimefikishiwa umeme, lakini mtu wa Makete au Kilolo, ambako kila nyumba ina kilima chake, anajua kwamba transfoma ikisimama karibu na ofisi ya mtendaji kijiji kinahesabiwa kuwa kina umeme hata kama vitongoji vyake vitatu viko gizani. Kwa nini basi aliye karibu na nguzo abebwe na aliye mbali ajibebe? Sijawahi kusikia jibu la kuridhisha.

Hata hivyo, ruzuku haimlipi mtu kwa mwanga anaoupata. Hulipia vifaa vilivyoandikwa kwenye karatasi. Na karatasi ya fundi wa bei nafuu ndiyo nyepesi kuielewa: paneli wati 200, betri ya jeli ampea 100, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya nyumbani), waya, ufundi. Mimi nilikaa na baba mdogo tukaipigia hesabu, kalamu mkononi.

Taa sita za wati 7 zikiwaka kwa muda wa saa nne, televisheni ya wati 30 kwa muda wa saa tano, redio na simu, jumla yake ni kama wati-saa 390 (yaani wati mara saa za matumizi) kwa siku, na ukiongeza kinacholiwa na inveta yenyewe unakaribia 450. Betri ya ampea 100 yenye volti 12 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri za aina hiyo hazitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku, maana zinakufa mapema. Zinazotumika ni 600. Kwa Julai ya Iringa, anga likiwa jeupe kuanzia asubuhi hadi jioni, mtambo huo unatosha kabisa, na baridi yenyewe huisaidia paneli, kwa sababu paneli hupoteza nguvu kadiri inavyopata joto. Tatizo ni kwamba baba mdogo haishi Iringa, wala mwaka si Julai peke yake. Anaishi Rungwe, ambako Machi na Aprili ukungu hukaa juu ya migomba mpaka mchana na mvua huanza kabla ukungu haujaisha. Siku kama hizo paneli ya wati 200 hupata, tukadirie, jua kamili kwa muda wa saa mbili tu, na baada ya upotevu njiani huingiza kama wati-saa 280.

Sasa tuufuate usiku mmoja mmoja. Betri imeanza ikiwa imejaa, na usiku wa kwanza umebakiza wati-saa 150 juu ya nusu. Mchana umerudisha 280, usiku wa pili umechukua 450, na tayari tumeshuka chini ya nusu kwa 20. Usiku wa tatu tuko chini kwa 190, wa nne kwa 360, wa tano kwa 530, na betri iko karibu tupu. Inveta inalia, televisheni inazima katikati ya taarifa ya habari, na mwenye nyumba anasema sola ni uongo. Wiki moja ya ukungu haiui betri, ila majira mawili ya namna hiyo yanaweza kuiua, na betri mpya ya aina ileile ni kama shilingi 400,000.

Fundi wa tatu aliandika paneli mbili za wati 200, na hapo ndipo baba mdogo alipoona wizi wa kwanza. Lakini katika siku ileile ya ukungu paneli mbili huingiza wati-saa 560, zaidi ya zinazotumika, kwa hiyo betri haishuki usiku hadi usiku. Aliandika pia betri ya lithiamu ya ampea 100, ambayo huruhusu kutumia kama asilimia 80 ya ilichobeba na ambayo, ikiwa halisi, huhesabiwa kustahimili mizunguko 3,000 au zaidi ya kujazwa na kutumika, yaani miaka minane ya kutumika kila siku. Ndani ya miaka hiyo minane fundi wa kwanza, betri yake ikibadilishwa kila baada ya miaka miwili, atakuwa amelipwa 1,150,000 na kuongezwa 1,200,000 za betri tatu, na bado Aprili kutakuwa giza.

Kuna mstari mwingine ambao hakuna anayeusoma. Fundi wa kwanza na wa pili waliandika “waya” tu. Wa tatu aliandika waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye paneli juu ya bati hadi kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia kuchaji betri, mita 15. Mtambo wa volti 12 ukipewa waya wa milimita 2.5 za mraba kwa umbali huo, zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme huishia kwenye waya wenyewe. Mnunuzi analipia wati 200 na kufungiwa kama 175.

Nisieleweke kwamba kila profoma ya juu ni ya haki. Wapo wanaopandisha bei kwa kusikia tu kwamba mteja ameuza viazi, na zipo paneli zenye kibandiko cha wati 300 ambazo ukizipima kwa futi hazifiki hata mita moja ya mraba, wakati paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 kwa mita hiyo. Tena anayechagua bei ya chini mara nyingi si mjinga. Ana laki kumi na moja na nusu leo, hana milioni mbili, na mtoto wake ana mtihani mwaka huu, si baada ya miaka minane.

Kinachonitia wasiwasi ni ruzuku itakayokuja na kipimo kimoja, bei ya wati. Wakulima wa huku wanakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/2009, zilizolipia kama nusu ya bei ya mbolea na mbegu. Wengi walivuna vizuri, lakini wapo waliomwachia wakala wa pembejeo vocha kwa pesa kidogo mkononi, na mfuko wa mbolea usifike shambani. Utaratibu wa kumlipa muuzaji baada ya kuthibitisha kwamba mtambo umefungwa, ambao umewahi kutumika nchini kwenye sola, unaziba tundu hilo kwa sehemu, ingawa mkaguzi akija Agosti ataikuta sola ya fundi wa kwanza ikiwaka kama ya wa tatu. Ningependa sehemu ya fedha ibaki hadi masika yapite, na profoma isiyotaja unene wa waya na aina ya betri isilipiwe kabisa. Mafundi wadogo watalalamika kwamba mtaji wao unashikiliwa, na watakuwa na haki ya kulalamika, kwa hiyo sehemu hiyo isiwe kubwa.

Baba mdogo hakungoja ruzuku. Alimpigia fundi wa tatu akamwambia, “Mwanangu, hizo paneli mbili na waya wako mnene nimevikubali, ila betri nipunguzie.” Wakaafikiana betri ya lithiamu ya ampea 50, inayotosha usiku mmoja, na nyingine kama hiyo itaongezwa viazi vikishauzwa. Jumla imeshuka hadi 1,730,000. Kwa masharti ya ruzuku inayodai mtambo ukamilike siku moja, mpango huo usingepata hata senti.