Kasuku wa Fundi

Mimi ni seremala wa Keko. Kama unaijua Dar es Salaam, hapo sina haja ya kuongeza: makochi na vitanda vimepangwa kando ya barabara vinakula vumbi, na mafundi wanakuahidi Ijumaa bila kusema Ijumaa ya mwezi gani. Nimetengeneza kila kinachotengenezeka kwa mbao, hadi jeneza moja lililorudishwa kwa sababu mgonjwa alipata nafuu. Makumbusho sikuwahi.

Basi akaja dada mmoja na daftari lake. Akasema wanageuza nyumba moja ya zamani, maeneo ya Upanga, iwe makumbusho ya watoto. Nikamuuliza swali la kifundi: "Makabati ya vioo mangapi?"

"Hata moja. Nataka kila kitu kishikwe."

Nikajua hana hela ya vioo.

Kumbe dada (kazi nzima tulimwita Mtaalamu) alikuwa na mambo yake kichwani. Akanieleza kwamba makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Nikapiga hesabu: miaka hiyo babu zetu huku walikuwa wanakimbizana na Mjerumani kwa kodi ya kibanda. Akasema chumba kinachomjibu mtoto kila kitu kabla hajauliza kinamnyang'anya kazi yake. Nikaitikia "sawasawa" huku nikipima mlango.

Ukutani alitaka achorwe yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa hadi Berlin, na mpaka leo amesimamishwa huko na kimo cha zaidi ya mita 13. Dari yetu ilikuwa mita 3 na nusu. Nikamwambia Mtaalamu tuchague moja, tumpunguze mjusi au tutoboe dari.

"Mchore mguu wa mbele tu. Ukifika darini, acha hapo hapo."

"Na mwili?"

"Watamalizia wenyewe vichwani."

Sikumwelewa, lakini malipo ya awali nilikuwa nimeshayala.

Kosa langu la kwanza lilikuwa meza. Nilizipiga randa zikang'aa, nikazipanga, Mtaalamu akaja akazitazama, akasema, "Fundi, piga magoti." Nikadhani nimemkosea. Kumbe mtoto wa darasa la kwanza ana kama mita 1 na sentimita 15, na mimi nilitengeneza meza za kamati ya harusi. Akanizungusha nyumba nzima kwa magoti, futi kamba shingoni. Na nikiri, huko chini ni nchi nyingine. Swichi ziko mbinguni. Kitasa kinakutazama jicho kwa jicho. Unaona matumbo ya meza, na gundi yote uliyoiacha ichuruzike ukiamini hakuna atakayeinama.

Nikiwa hapo ukumbini, shati limejaa vumbi la mbao, akaingia mama mmoja aliyekuja kuulizia kazi ya usafi. Akanitazama kwa uchungu. "Mungu atakufungulia, baba," akasema, akaniachia sarafu ya shilingi 500. Mpaka nikanyanyuka, maana magoti nayo yana umri, alikuwa ameshatoka.

Sarafu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la pili, na mimi nilikuwa nimefunga. Yaani nilikuwa nimefunga kwa mdomo, tumbo lilikuwa halijapewa taarifa. Nje ya geti alikuwepo kijana wa mahindi ya kuchoma, amejibanza nyuma ya mwarobaini na jiko lake kwa heshima ya mwezi. Harufu ikanishika mkono, ikanivusha barabara.

"Fundi, si umefunga wewe?"

"Si langu. La kasuku."

Akapeperusha mkaa taratibu. "Kasuku anataka na ndimu na pilipili?"

"Amelelewa Tanga."

Siku ya pili kasuku alikuwa na njaa tena. Siku ya nne akaanza kutaka chipsi kuku.

Tatizo halikuwa kula, lilikuwa mabaki. Pale getini palikuwa na Mzee mmoja wa Kilwa, mlinzi, swaumu yake imenyooka kama rula. Kila jioni alipekua mfuko wangu akitafuta misumari ya ofisi, na ndoo za taka alikuwa anazimwaga yeye mwenyewe. Na Mzee huyo huyo, ikigonga adhana ya magharibi, ananiita: "Njoo mwanangu, fungua. Randa na swaumu ni mtihani." Ananimiminia uji wa pilipili manga, ananisogezea tende na mihogo ya nazi, anateua vipande vikubwa ananipa mimi. Nilikuwa nakula nimeinamisha macho. Yeye alidhani ni unyenyekevu.

Kwa hiyo mabaki yalibidi yazikwe, na kaburi nilikuwa nalo.

Moyo wa nyumba ile ulikuwa boksi la mchanga: mita 4 kwa 3, kina nusu mita, mbao za paina, kingo nimezipiga msasa mpaka mtoto akianguka atacheka. Humo watoto wangechimbua kwa brashi za rangi na vichekecho vidogo, wakitafuta fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa Oldupai, nililolifinyanga mimi kwa plasta. Nililihangaikia usiku tatu. Nilikwenda hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kutazama kabla sijaanza. Magego yake niliyachonga makubwa kama kete za bao, maana ndivyo alivyokuwa.

Mtaalamu alinisimulia habari zake tukichanganya plasta. Alionwa Oldupai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey, mumewe Louis siku hiyo amelala kambini na homa. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Pale pale palikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama iliyovunjwavunjwa, na Louis akatangaza kuwa mwenye zana ni huyu. Mwaka uliofuata, yaani 1960, yakaanza kupatikana mabaki ya mwingine mwenye taya dogo na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 akapewa jina, Homo habilis, na zana akahamishiwa yeye.

"Kwa hiyo Zinj alisingiziwa?"

"Alikutwa eneo la tukio, fundi. Ndiyo maana nataka watoto waangalie meno. Meno hayasemi uongo."

Nilicheka. Nilikuwa na paja la kuku mfukoni.

Kila siku mchana nilikuwa naingia chini ya turubai lililofunika boksi, nikidai nanyoosha mchanga kwa pimamaji. Nakula, nafukua kidogo, nazika. Mchanga mkavu haunuki, na sisimizi walishirikiana nami vizuri. Mpango ulikuwa nivizoe vyote usiku wa kuamkia Idi. Lakini usiku huo nani anakumbuka mifupa? Nilikuwa Kariakoo natafuta viatu vya watoto. Niliporudi kazini, Dogo, kijana ninayemfundisha, alikuwa ameshamwaga mikokoteni miwili ya mchanga juu yake na kusawazisha. Nikajisemea kwamba watoto hawachimbi hivyo.

Ufunguzi ukafanyika wiki ya pili ya Mfungo Mosi. Mgeni rasmi alikuja na hotuba. Watoto thelathini wa darasa la pili walisimama wakaimba "Shikamoo mgeni raaasmi", wakavumilia hotuba kama watu wazima, kisha wakafunguliwa.

Ule mguu wa mjusi uliwamaliza. Walilala chali sakafuni wakibishana kuhusu kichwa, mmoja anasema kimefika ghorofani, mwingine anasema kimeshatoka nje kinakula miembe ya jirani. Hapo nikaanza kumwelewa Mtaalamu.

Nikasogea boksini kungojea fuvu langu. Dakika ya tatu mvulana mmoja akalitoa, akaligonga kwa kucha. "Hili la plasta," akasema, akaliweka pembeni kama figa. Hakuna aliyegeuka kulitazama mara ya pili. Usiku tatu!

Kisha binti mmoja mdogo, goti lina bandeji, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, huyu ni wa kweli."

Ameshika mfupa wa paja.

Mtaalamu akautazama mfupa, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mjusi. Mtu mwingine angefunga boksi na kuwapeleka watoto kwenye soda. Yeye akachuchumaa mchangani na suruali yake ya ufunguzi, akauliza: "Enhe. Ni nani huyu? Na nani alimla?"

Hapo ndipo nilipojua watoto hawachimbi *hivyo*. Wanachimba kama wamelipwa. Zikaja mbavu, mabawa, vidari. Wakavipanga kwenye karatasi. "Ni kuku." "Amekatwa kwa panga, ni wa chipsi." "Huyu mtu ametafuna mpaka ncha, alikuwa na njaa sana." Mmoja akasema walikuwa wengi, sherehe. Binti wa bandeji akakataa. Vingine viko chini, vingine juu, katikati kuna mchanga mtupu, kwa hiyo ni siku tofauti. Ni mtu mmoja anarudi rudi.

Nikafikiria kwenda kuangalia gari kama limefungwa. Sina gari.

Kisha likatoka gunzi. Na la pili. La tatu. Binti akayapanga sambamba, akayainamia mpaka pua ikaingia mchanga. "Yote yana mstari." Kweli, kila gunzi lilikuwa limetafunwa safi, isipokuwa mstari mmoja wa punje uliobaki umesimama kutoka mwanzo hadi mwisho, kama tuta lililorukwa na jembe.

Nikafunga mdomo. Mimi sina jino moja la mbele, la juu. Lilibaki Mbagala kwenye harusi, nilipokuwa naonyesha watu namna ya kufungua soda bila opena.

"Ni mlinzi!" akapiga kelele mvulana wa fuvu. "Yeye ndiye anayelala hapa!"

Thelathini wakageuka. Mzee wa Kilwa akasimama mlangoni, fimbo mkononi, hajui aanzie wapi. "Mimi? Mimi nile? Ramadhani?" Sauti ikamkatika. Akafungua kinywa chake hadharani na kuwaonyesha: meno yote, meupe, ya mswaki wa mti. Wakataka ang'ate hindi kwa uhakika, akasema hawezi, leo amefunga sita.

Ningeweza kusema pale. Namwomba Mungu anisamehe, nilichowaza ni kwamba Zinj naye alivumilia.

Mtaalamu, macho yanawaka, akatangaza jaribio. Kila mtu mzima atang'ata hindi, tulinganishe. Akatumwa mtu getini kuleta mahindi, na kijana wa mahindi akaja nayo mwenyewe, moto moto. Akang'ata Dogo, alama zimepinda kama njia ya mbuzi. Akang'ata dereva wa mgeni rasmi, safi. Mgeni rasmi naye akaomba lake, kwa sayansi au kwa njaa sijui, na hakurudisha.

Zamu yangu. Nikalilaza hindi ubavuni, nikang'ata kwa magego, shingo nimeipinda kama mbwa na mfupa.

"Anko," akasema binti wa bandeji kwa upole, "ng'ata kwa mbele."

"Hivi ndivyo ninavyokula, mwanangu."

"Kwa mbele, anko."

Nikang'ata kwa mbele. Nikazungusha. Nikamkabidhi. Akaliweka kando ya magunzi matatu, na hakusema kitu, hakuwa na haja. Mstari ulikuwa umesimama.

Katika ukimya ule, kijana wa mahindi aliyekuwa anahesabu chenji yake akainua macho, akaniona, akafurahi. "Fundi! Kasuku hajambo?"

"Kasuku yupi?" akauliza Mzee.

"Si yule wake wa Ramadhani! Kila siku hindi moja, ndimu na pilipili."

Sijui nani alianza. Najua tu nyumba nzima iliitikia, watoto thelathini kwa sauti ya kiitikio cha ngonjera: "Kooobe!"

Mzee wa Kilwa hakucheka. Alinisogelea taratibu, akanitazama muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini: "Na mihogo yangu?"

Mpaka leo sina jibu.

Malipo yangu sikukatwa. Mtaalamu aliongeza kazi moja ndogo: boksi la mninga, sentimita 40 kwa 30, lenye kioo. Ndicho kioo pekee cha maonyesho katika nyumba ile. Fuvu langu linazuia mlango wa stoo usijifunge. Ndani ya boksi yamelala magunzi matatu, na kibandiko walikiandika watoto wenyewe kwa kalamu ya rangi, herufi zinapanda mlima:

"Magunzi. Yalipatikana shimoni, chini ya mchanga wa Dogo. Aliyekula: fundi. Mwanzoni tulidhani ni mlinzi."