Ateri ya Mtoto Mahututi: Kidole au Ultrasaundi?

Mtoto wa miaka miwili anayefikishwa Kigoma mjini akiwa na malaria kali na mshtuko (damu kushindwa kuzunguka vya kutosha mwilini) huwa na mikono ya baridi, na daktari anayempapasa kifundo cha mkono akitafuta ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, hukuta mpigo hafifu unaopotea chini ya kidole. Kanula, yaani mrija mwembamba unaoachwa ndani ya mshipa, ikiingia humo, shinikizo la damu husomeka pigo kwa pigo, na damu ya vipimo hupatikana bila kumchoma tena. Ubishi ni kama kinachoongoza sindano kiwe kidole, kama ilivyozoeleka, au ultrasaundi, mashine inayoonyesha mshipa kwenye skrini kwa mawimbi ya sauti.

Kwa ushahidi, ultrasaundi imetangulia. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyojumlisha majaribio 5 na watoto 444, yalionyesha kuwa uwezekano wa kufaulu kwa mchomo wa kwanza uliongezeka takribani maradufu, na damu kuvilia chini ya ngozi kukapungua. Lakini wengi wa watoto hao walikuwa wamelazwa usingizi kwa upasuaji, hali tulivu kuliko ya mtoto anayetapatapa wodini saa nane za usiku.

Tena, kusema hospitali ina ultrasaundi hakutoshi. Probu (kifaa cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi) iliyopinda, ile ya kuwapimia wajawazito, huona ndani sana; ateri ya kifundo cha mtoto mdogo, yenye upana wa milimita 1 hadi 2 na iliyo karibu na ngozi, inahitaji probu bapa yenye mawimbi ya masafa ya juu. Hata hiyo, ikikandamizwa na mkono mzito, huibana ateri hadi ikatoweka kwenye skrini, na asiyezoea huona kinukta cheupe cha shina la sindano akadhani ni ncha.

Kwa maoni yangu, palipo na probu bapa, mtoto mchanga na yule mwenye mshtuko waanze na ultrasaundi, kwani michomo mitatu ya kubahatisha huacha uvimbe unaoificha ateri hata kwa mashine. Mkubwa mwenye mpigo imara, kidole cha mzoefu kinamtosha. Mahali pasipo na monita ya kusoma shinikizo la ateri wala kipimo cha gesi za damu, kanula hiyo huleta hatari ya kuganda kwa damu na maambukizi kwa faida ndogo. Hapo fedha zitangulie kwenye monita, na mafunzo ya probu yaanzie kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambazo wauguzi huzitafuta kila siku.