Gari Lako Linaelea. Na Likijaa Maji?

Imesambaa tena video ya gari dogo lililogeuzwa mashua. Chini limezibwa kwa mabati, nyuma limefungwa propela, linateremka taratibu hadi majini, linayumba, linatulia, na watu waliosimama ukingoni wanapiga makofi. Ndani wamo wanne, wawili wao watoto. Vioo vimepandishwa. Mikanda imefungwa. Jaketi okozi sijaona hata moja. Kila nikiitazama hasira zinazidi, kwa sababu wanaoisifu wote wanauliza jambo lilelile: linakwenda kasi gani?

Magari haya nayapenda tangu zamani. Naweza kuzungumzia Amphicar ya Wajerumani ya 1961 usiku kucha, na vilevile Schwimmwagen ya Volkswagen ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ile isiyo na mlango hata mmoja, unaruka ukingo ndipo ukae. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea na subira kidogo anaweza kulifanya gari jepesi lielee. Kazi yenyewe inaanza maji yakishaingia ndani. Na yataingia.

Piga hesabu nami. Sakafu ya mita 3 kwa 1.4. Gari lina kilo 700. Weka watu wanne na mafuta, ifike tani moja. Litadidimia kama sentimita 24, kisha litaelea. Vizuri. Sasa mpira mmoja unaoziba tundu la ekseli uchanike, ubaki uwazi wa sentimita 2.5 tu, sentimita 20 chini ya usawa wa maji. Hapo zinaingia kama lita 35 kila dakika, na pampu nyingi ndogo za mashua, hata zikiwa mpya, hazifikii kiasi hicho. Baada ya dakika kumi umebeba kilo 350 za maji, na maji si abiria anayetulia kwenye kiti chake. Gari likiinama kushoto kidogo, yote yanakimbilia kushoto, nalo linainama zaidi, hadi ukingo unafika usawa wa ziwa. Kuanzia hapo hakuna dakika za kuhesabu tena.

Hili si la kufikirika. Tarehe 1 Mei 1999, katika Ziwa Hamilton, Arkansas, gari la kitalii lililoitwa Miss Majestic liliingia majini na watu 21. Lilikuwa DUKW, lori la kijeshi linalokwenda majini na nchi kavu, lililoundwa 1944. Dakika chache baadaye lilikuwa chini ya ziwa, na watu 13 walikufa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba mpira wa kuzuia maji kwenye shafti ya nyuma ulikuwa umechomoka kwa sababu ya matengenezo mabovu. Mpira! Kipande ambacho fundi anakibadilisha mchana mmoja. Lakini hawakuishia kwenye mpira, na hapa ndipo nataka kila mwenye ndoto ya kujenga gari la namna hii asome mara mbili. Walisema chombo hakikuwa na akiba yoyote ya kuelea baada ya kujaa maji, na kwamba turubai la juu liliwazuia abiria kutoka. Wakashauri akiba iwekwe na mapaa yaondolewe. Wengi wa wenye magari hayo hawakufanya hivyo. Julai 2018, katika ziwa la Table Rock, Missouri, gari jingine la aina hiyohiyo lilipigwa na dhoruba likazama na paa lake. Walikuwamo watu 31, wakafa 17. Sheria ya kulazimisha mambo hayo ilipitishwa mwishoni mwa 2022. Ushauri ulikuwapo kwenye karatasi miaka yote hiyo.

Utaniambia hayo ni malori ya tani sita na zaidi, wewe una kigari. Kigari chako kiko hatarini zaidi. Kwenye chombo chepesi kila kilo 100 zinakushusha sentimita mbili na ushei, na sentimita hizo huna. Ford GPA, gari la kijeshi aina ya Jeep la kuelea majini la 1942, lilikusudiwa kuwa na kilo kama 1,200, likatoka kiwandani na kama 1,600 bila bodi yake kuongezwa ukubwa wa kutosha. Ukingo ukabaki mfupi juu ya maji, na wanajeshi hawakulipenda hata kidogo.

Kwa hiyo tuseme habari ya povu gumu, kitu chepesi kinacholipa gari akiba ile ya kuelea hata likijaa maji, kwa sababu ndilo jambo kuu ninaloliombea. Mwaka huohuo wa 1999 Waitaliano wawili walivuka Atlantiki kutoka visiwa vya Kanari hadi Martinique ndani ya magari mawili ya kawaida, Ford Taunus na Volkswagen Passat, yaliyojazwa povu. Walikaa baharini karibu miezi minne. Simshauri mtu awaige, ila nayaweka magari yao pembeni ya lile lori lililotengenezwa maalumu kwa maji na kushindwa kuvuka ziwa, nami sihitaji hoja nyingine.

Chuma kikiwa majini kinapoteza kama sehemu moja ya nane ya uzito wake. Gari la kilo 700 lililojaa maji bado linavutwa chini kwa kilo 600 hivi. Maana yake unahitaji zaidi ya lita 600 za kitu chepesi kisichoweza kunywa maji. Mimi nisingekubali pungufu ya 800, ujazo wa mapipa manne makubwa. Na mahali pa kuliweka pana uzito kuliko kiasi chenyewe. Wengi wanalisukuma povu lote chini ya sakafu kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Gari hilo likijaa maji, chepesi kiko chini na kizito kiko juu, basi linapinduka, na waliofunga mikanda wananing'inia vichwa chini ndani ya maji. Weka povu juu na pembeni: ndani ya milango, kwenye kingo, kila upande sawa na mwenzake, omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Wala usitumie lile povu jeupe la kufungashia runinga karibu na tangi, maana petroli inaliyeyusha. Siku tangi litakapovuja, akiba yako itageuka uji usiobeba kitu.

Mengine ni ya kupita tu. Injini kubwa haikusaidii: bodi ya mita tatu na nusu inayopasua maji bila kupanda juu yake inaanza kukwama kwenye kilomita 8 kwa saa hivi, na nguvu unayozidisha inakwenda kwenye mawimbi. Beringi za magurudumu zikiingia majini zikiwa za moto, zinapoa ghafla na kuvuta maji ndani, basi subiri kwanza zipoe. Mvuke wa petroli unatuama chini ya bodi iliyozibwa. Washa feni ya kuutoa kabla ya kuwasha injini, cheche isije ikauripua.

Wapo watakaonitajia Ben Carlin, yule Mwaustralia aliyeondoka Halifax, Kanada, 1950 na mkewe Elinore ndani ya GPA, akavuka Atlantiki, na kufikia 1958 akawa ameizunguka dunia. Sawa, nakubali, alifanya, na alistahili kila sifa. Lakini alikuwa mtu mzima aliyeijua hatari yake, na mkewe pia. Watoto wa kiti cha nyuma hawakuulizwa.

Ninachomwomba kila anayejenga ni hiki. Ondoa paa. Chomelea milango, watu waingie kwa juu. Mikanda ifunguliwe na jaketi zivaliwe kabla tairi halijagusa maji. Kisha, kabla hujabeba abiria yeyote, lipeleke gari kwenye maji ya kina cha kifua, lifunge kamba hadi nchi kavu, fungua vizibo vyote vya chini ulijaze kwa makusudi. Waingie watu wazima wanne wenye jaketi, wasogee wote upande mmoja, kisha wa pili, kisha mbele. Kama linabaki wima na kingo zinaonekana, una chombo. Kama linalala ubavu, povu liongezwe juu na pembeni, na jaribio lirudiwe mwanzo. Nalo lichukue saa nzima, kwa sababu povu lenye nyufa linakunywa maji polepole na dakika mbili hazitakuonyesha.